Mtu wa Mwisho Kwenye Karai

Raheli ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka kwenye karai, na mwanzoni hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Kijiji cha Kwemkuyu kilikuwa kimeandikishwa karibuni kuwa kijiji cha ujamaa, na siku za msaragambo watu wote wazima walishuka na majembe kwenda kulima shamba la pamoja, kule mteremkoni ambako ukungu hukawia kuondoka. Mchana waliletewa makande ya mahindi na maharage. Wanaume walikula upande wao. Wanawake walikaa kwa mafungu, kila fungu na karai lake.

Wanawake wa Kwemkuyu walikuwa na desturi moja. Walionawa pamoja kuanza kula, walinawa pamoja kumaliza. Mwishoni kata ya maji ilipita mara moja tu. Aliyeinuka na kunawa wakati mwenzake bado anatafuna, alikuwa amemwambia mwenzake kuwa ni mlafi, au ni mchawi, au vyote viwili. Kwa hiyo fungu zima lilimsubiri Raheli. Walimheshimu kwa kumsubiri, na kadiri walivyomsubiri ndivyo walivyozidi kumchukia.

"Wifi yangu leo amekutana na nyama humo ndani," alisema Asha, mke wa kaka yake Raheli, mtoto wa mjomba. "Si bure."

"Nyama gani? Hayo ni mahindi ya kijiji," mwingine akajibu.

"Basi anayahesabu. Tumepata karani."

Raheli alicheka pamoja nao, mdomo umefungwa. Alikuwa na meno mazuri ya mbele, meupe, yenye mwanya ambao watu waliusifu hadi vijiji vya jirani. Nyuma ya meno hayo, kila upande, kulikuwa na meno madogo ya kando, na nyuma ya hayo hapakuwa na kitu ila fizi, juu na chini. Kila alipozaa, gego moja au mawili yaliuma yakang'olewa, na alizaa watoto wengi. Maharage aliweza kuyaponda. Mahindi ilibidi ayapeleke kwa ulimi kwenye meno ya kando, punje chache chache, kulia kisha kushoto, kama mtu anayepanga vyombo kwenye kabati dogo.

Mwanahawa, jirani yake, alikuwa amemaliza kula zamani. Lakini alibaki na punje moja ya haragwe kati ya vidole vyake, akiigeuza, akijifanya bado ana kazi nayo. Alifanya hivyo kila mara. Hakuwahi kusema sababu, na Raheli hakuwahi kuuliza.

Jembe la mwisho la fungu lao lilirudi ardhini wakati wanaume walikuwa wameshamaliza mstari mzima.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Selemani, alifika nyumbani kwa Nikodemo na Raheli jioni jua likiwa bado lipo. Alikuwa mtu mpole aliyependa kusema mambo magumu akiwa ameketi vizuri, kwa hiyo alingoja kwanza aletewe kigoda, kisha chai, kisha akasifu chai.

"Mgosi," alimwambia Nikodemo, "nimekuja kwa jambo dogo la chakula."

"Tumepungukiwa?"

"Hapana. Fungu la mkeo, mama Secilia, linachelewa kurudi kazini. Wanawake wamelalamika. Baadhi wametumia maneno makali, ya unyonyaji, mimi nimewakataza. Nimesema, hili tunaweza kulimaliza kindugu." Akanywa chai. "Tumeonelea mama Secilia apewe bakuli lake. Akae pembeni, ale kwa nafasi yake."

Nikodemo alikuwa mzee wa kanisa na fundi seremala, mtu asiyependa kelele. Alikitazama kikombe cha Mwenyekiti mpaka Mwenyekiti naye akakitazama.

"Bakuli lake," alisema.

"La bati. Zuri tu. Kijiji kitalitoa."

"Mwenyekiti, anayepewa bakuli lake Kwemkuyu ni mwenye kifua kikuu. Au yule bibi wa kule juu, na sababu unaijua."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," alisema Selemani. "Nisingemtuma mtu. Na bado haijapita. Itasemwa kwenye mkutano wa kijiji, baada ya gulio. Hapo mtu yeyote anaweza kusema lake."

Alipoondoka alimuaga Raheli kwa heshima zote, akamshukuru kwa chai, akasahau kofia, akarudi kuichukua, akaaga tena.

Nikodemo alibaki mlangoni. "Kwa nini unawachelewesha watu?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Nyumbani yeye alikula barazani na wageni wake, mkewe alikula jikoni, na kwa miaka yote hiyo hakuwa na njia ya kujua mkewe anakula kwa muda gani.

Raheli akasogea penye mwanga, akafungua kinywa.

Nikodemo aliinama akatazama. Aliwahi kununua ng'ombe wengi, na hakujua namna nyingine ya kutazama kinywa. Alitazama juu, akatazama chini, akamgeuza kidogo kwa kidevu.

"Yamekwenda wapi yote?"

"Moja moja, baba Secilia. Hayakuaga."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ukipita na mimi barabarani watu wanausifu mwanya, unafurahi." Akafunga kinywa, kisha akasema lile lililokuwa likimsumbua kuliko bakuli. "Mwanya huu haukuwa hivi uliponioa. Zamani hata njiti ya kiberiti haikupita. Sasa inapita. Watu wanasema nazidi kupendeza. Mimi naona meno yanatembea. Ya nyuma yamekwisha, sasa haya ya mbele yanafuata wenzao. Yakitoka haya, sitakuwa mtu wa kuchelewa kwenye karai. Sitakaa kwenye karai kabisa."

Nikodemo alikuwa mmoja wa waliousifu sana huo mwanya. Alikaa kwenye kigoda cha Mwenyekiti, ambacho bado kilikuwa na joto.

"Kesho kutwa tutakwenda Lushoto," alisema. "Yupo mtu."

*

Mtu huyo aliitwa Silvano. Alikaa nyuma ya soko, kwenye chumba kilichokuwa na kiti kimoja cha kunyoosha miguu, kitambaa safi, na dirisha linalotazama wauza kabichi. Juu ya meza palikuwa na meno kamili ya bandia, ya juu na ya chini, ndani ya gilasi ya maji.

"Hayo ni ya kujaribia," alisema Silvano, alipoona Raheli anayatazama. "Usiogope, mama. Wamejaribu wengi."

Alikuwa na adabu. Alimpa Nikodemo shikamoo, akamfutia Raheli kiti, akanawa mikono mbele yao. Kisha akagusa meno ya Raheli kwa kidole, moja moja, akiguna kila anapogusa, kwa namna inayomfanya mtu aamini kuwa kila jino lina kosa lake.

"Yanatembea," alisema.

Raheli akamtazama mumewe. Alikuwa amelisema mwenyewe, lakini kulisikia kwa mtu mwingine kulikuwa ni jambo jingine.

"Meno ya mbele yakibeba kazi ya magego, hayana uaminifu tena," Silvano aliendelea. "Leo yanaachana, kesho yanalegea, kesho kutwa unayakuta kwenye ugali. Ushauri wangu, tuyatoe yote sasa, yakiwa bado yanatoka kwa heshima. Nitakuwekea seti kamili. Utatafuna mpaka mfupa."

"Yote?" aliuliza Raheli. "Hata yasiyouma?"

"Mama, hayo yasiyouma ndiyo yanayosumbua. Huwezi kuyajua."

Nikodemo aliuliza malipo. Silvano alisema kwa watu wa vijijini hapendi kutaja fedha, anapokea mtamba wa ng'ombe. Nikodemo alikuwa na mtamba mmoja. Alimwaza, akamwaza mkewe na bakuli la bati, akasema siku ya gulio atamleta.

Njiani kurudi, walipofika mahali pa kupumzika, Nikodemo alimnunulia mkewe ndizi mbivu mbili, laini, zilizoanza kuwa na madoa. Yeye hakula. Hakuwahi kumnunulia ndizi zenye madoa tangu waoane, siku zote alichagua ngumu, zenye kupendeza kubeba. Raheli aliziona ndizi hizo, akaelewa, akala taratibu, na mumewe akamsubiri.

*

Mwanahawa alikuja asubuhi iliyofuata kuazima ungo, jambo ambalo lilikuwa kisingizio, kwa sababu ungo wake ulikuwa mzuri kuliko wa Raheli.

"Nimesikia mtamba anakwenda sokoni," alisema.

"Anakwenda mdomoni mwangu."

Raheli akamweleza yote, huku akipepeta maharage. Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo, na hakuwa na haraka na neno lolote.

"Shoga, nyumba ikivuja upande mmoja, fundi akikuambia ubomoe pande zote, hutamwuliza fundi mwingine?"

"Baba Secilia amekwisha toa neno lake."

"Neno lake halitaoza kwa siku moja. Kuna mganga wa meno hospitali. Mimi ninakwenda huko na goti langu. Twende wote, barabara isinichoshe."

Raheli alijua kuwa goti la Mwanahawa halikuwa na neno. Nikodemo naye alijua. Walipomuaga alisema tu, "Msalimie goti," akaendelea kupiga randa ubao.

Mganga wa meno aliitwa Kristofa. Alikuwa mtu wa makamo aliyechoka, na koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa mpaka likaanza kuwa la rangi nyingine. Foleni yote iliyokuwa benchini ilikuja kung'olewa, na kwa sehemu kubwa ilikuwa ikilia. Zamu ya Raheli ilipofika, mganga alikishika kioo chake kidogo cha chuma ndani ya kiganja kwa muda, kipate joto, ndipo akakiingiza kinywani mwake. Asubuhi za Lushoto ni za baridi, na Raheli hakutegemea mtu wa hospitali akumbuke hilo.

"Linalouma ni lipi?"

"Hakuna linalouma."

Kristofa aliacha alichokuwa akifanya. "Hakuna?"

"Nimekuja kuuliza kama haya ya mbele yatatoka. Kuna mtu amesema yang'olewe yote kabla hayajatoka yenyewe."

Mganga hakuuliza ni mtu gani. Alijaribu kutikisa kila jino kwa mipini ya vyombo vyake viwili. Akatazama fizi. Kisha akachukua kipande cha karatasi ya kaboni, kama ile ya wapiga chapa ofisini, akamwambia aume, afungue, aume tena upande wa pili. Akatazama madoa meusi yaliyobaki kwenye meno.

"Mwanya huu ulizaliwa nao?"

"Nilizaliwa na mdogo. Huu umekua."

"Umekua mpaka lini? Mwaka huu umeongezeka?"

Raheli akafikiri. Mambo mengi alikuwa akiyahofia kila siku bila kuyapima. "Mwaka huu hapana," alisema polepole. "Wala mwaka jana. Njiti ya kiberiti ilipita kabla kijiji hakijaandikishwa. Tangu hapo inapita vilevile. Mbili hazipiti."

"Umejaribu mbili?"

"Nimejaribu."

Kristofa akavuta kiti chake akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. "Sikiliza, mama. Magego yakitoka, yanayobaki husogea kidogo. Kama watu kwenye benchi, mwenzao akiinuka. Wanajiachia, wanatafuta pa kukaa. Ndipo nafasi huonekana. Kisha kila jino hukutana na mwenzake wa upande wa pili, yanashikana, benchi linatulia. Yako yametulia. Nimeyatikisa, hayana legelege. Ukiuma, yote yanagusa, kulia na kushoto. Yanaweza kukaa hivyo mpaka uzeeke."

"Bila ya kuwekewa mengine?"

"Vifaa vya kuwekea mengine sina, hilo nakuambia kweli. Lakini hata ningekuwa navyo, nisingekuwekea. Seti ile ya kutoa na kuingiza ingekulegezea haya mazima. Ila haya ya kando," akayagusa madogo, "hayo ndiyo nguzo. Yakitoka hayo, sasa yale ya mbele yatatembea kweli. Yapige mswaki asubuhi na jioni. Usifungulie chupa, usivunjie mfupa."

"Na kula nile vipi?"

"Polepole."

"Kijijini kwetu polepole imeletewa mkutano," alisema Raheli.

Mganga alifikiri kidogo. "Hilo sina dawa yake," alisema, akaita anayefuata.

Nje, Mwanahawa alimwuliza amesemaje. Raheli alisimama kando ya ua wa hospitali, akashika mwanya wake kwa kidole, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. "Amesema yanakaa," alisema. Kisha akakaa yeye mwenyewe kwenye majani, akalia kidogo, na Mwanahawa akamsitiri kwa upande wa kanga yake mpaka akamaliza, akiwaambia wapita njia kuwa ni goti.

Mtamba hakwenda sokoni. Nikodemo alimpeleka malishoni asubuhi ya gulio kama siku nyingine.

*

Mkutano ulifanyika mbele ya ghala. Selemani alisoma mambo ya mbolea, ya barabara, ya mbuzi waliokula miche ya shule. La bakuli aliliweka mwisho, akitumaini labda mvua ingenyesha. Haikunyesha.

"Ndugu wananchi, kuna suala la muda wa chakula," alisema. "Kuna mwenzetu mmoja, sitamtaja—"

"Ni Raheli," alisema Asha.

"—ambaye tumeonelea apewe bakuli lake, kwa wema."

Watu walitazama chini. Hata waliolalamika walitazama chini, kwani neno bakuli, likisemwa mbele ya watu, lilikuwa kubwa kuliko walivyolidhania jikoni. Nikodemo alianza kuinuka. Raheli akamshika mkono akamkalisha, akainuka yeye.

"Mwenyekiti, naomba usogee uone kitu."

Selemani alisogea. Raheli akafungua kinywa mbele ya kijiji kizima, kikafunguka kabisa, kama alivyokifungua kwa mganga. Selemani alitazama, akarudi nyuma hatua.

"Nyuma hamna kitu," aliwaambia watu, kama aliyetumwa kukagua ghala.

"Hamna," alisema Raheli. "Haya mnayoyasifu ndiyo yote niliyo nayo. Sili kingi. Natafuna mahindi kwa meno ambayo hayakuwekwa kwa mahindi. Mganga amesema yatakaa, nikiyatumia kwa upole. Kama kosa langu ni hilo, nipeni bakuli. Lakini mseme ni la meno. Msiseme ni la ulafi."

Kisha mzee Tobia, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe upande wa wanaume, akakohoa.

"Yangu ni machache kuliko hayo," alisema, akafungua kinywa kuwaonyesha waliokaa karibu. Walitazama wakakubali.

"Sasa mzee, wewe mbona hukawii?" aliuliza Selemani.

"Mimi nameza. Punje nzima. Namshukuru Mungu, narudi kulima."

"Hata mimi," alisema mtu wa nyuma.

"Mimi nilidhani wote mnatafuna," alisema mwingine, kwa masikitiko.

Ikawa kila mtu anamtazama jirani yake mdomoni. Wazee kwa wazee walifunguliana vinywa, wakalinganisha. Mtu mmoja alitaka Mwenyekiti naye afungue. Selemani alijibu kuwa kinywa cha Mwenyekiti hakimo kwenye ajenda. Walimwelewa.

Asha aliinuka mwisho, akasema akitazama mikono yake. "Kila msaragambo nikirudi nyumbani tumbo linanikata mpaka usiku. Nilisema nimerogwa." Akamgeukia Raheli. "Wifi, nisamehe. Na mimi nina mawili tu huku nyuma, na hayakutani. Nilikuwa namaliza haraka nisionekane."

"Nilikuona, wifi," alisema Raheli. "Nilidhani una njaa."

Watu wakacheka, na Asha akacheka mwishoni, akiwa amefunga mdomo kwa mazoea.

Mashauri yakachukua jioni nzima. Mpishi wa kijiji alisema makande ni makande, na mahindi yanaiva yanavyotaka yenyewe. Mwanahawa akasema kwa sauti yake ndogo kuwa mahindi yakitwangwa kwanza kutoa maganda, na maharage yakiloweshwa, na moto ukiwashwa mapema, hata mtoto mchanga angeyala. Mpishi akasema nani ataamka mapema hivyo. Wanawake wa fungu la Raheli wakasema wao, kwa zamu. Mpishi akauliza tena, akiwa amekasirika sasa, ni nani atakayejua kama yameiva kiasi hicho, maana kwake yeye mwenye meno yote yaliiva tangu zamani.

Hapo mzee Tobia akanyoosha fimbo yake kumwelekea Raheli.

*

Siku ya msaragambo iliyofuata, ukungu ulipoanza kuondoka mteremkoni, chungu kilikuwa kimechemka tangu alfajiri. Jua lilipofika juu, watu waliweka majembe chini, wakasogea wakiwa na njaa, wanaume kwa wanawake, wakasimama. Selemani alikuwa mbele.

Mpishi alichota kwa upawa, akampa Raheli. Raheli alipuliza, akaweka punje chache kinywani, akageuka kidogo upande wa kilima. Akatafuna. Kulia, kisha kushoto. Hakuharakisha. Kijiji kizima kilisimama kimemtazama mgongo.

Akageuka, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema.

Selemani aliangalia jua. Aliangalia chungu. Akainama akaokota jembe lake, na watu wakaokota yao, wakarudi kulima mstari mwingine. Asha alibaki nyuma, akapiga magoti kwenye majivu, akasukuma kuni ndani.